Mpeni maji huyo mzee

Mama hajui Kiingereza. Anajua salamu na majina ya dawa zake za presha, basi.

Siku hiyo alikuwa kwangu, alikuja mjini kliniki, na usiku nikachomeka flashi kwenye tivii nikaweka muvi ambayo nilishaiona zamani sana, In the Name of the Father. Haina mtu anayetafsiri wala nini. Mama alikuwa pembeni na ungo wake anachambua mchele wa kesho, nikajua hayuko na mimi, yuko na mawe yake.

Sasa kuna yule baba kwenye muvi, Giuseppe Conlon. Mtoto wake Gerry kakamatwa kwao Belfast akapelekwa Uingereza kwa bomu ambalo hakulitega, baba akatoka Belfast kwenda London kumtafutia wakili, naye akakamatwa. Wako jela wote wawili. Mzee kifua kinambana, anahema kwa shida, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa pumzi itaisha kabla ya sentensi.

Mama akainua kichwa. "Huyo mzee mpeni maji jamani."

Aliisema kwa nguvu, kama kuna mtu wa kumsikia mle ndani.

Kuanzia hapo mchele ukasimama. Mzee alipofariki, wafungwa wakaanza kuwasha makaratasi na kuyaachia madirishani, yanashuka usiku yanawaka moto, mama akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo wamemwacha afie humo humo?" Nikamwambia ndiyo mama, na kweli mzee mwenyewe alifariki akiwa bado mfungwa, mwaka 1980. Akanyamaza. Halafu akaniuliza, anaitwa nani huyo?

Nikasema Giuseppe.

"Sio huyo wa kwenye picha. Yeye mwenyewe, mwenye ile sura."

Sikuwa najua.

Nimeshamwona huyu mtu kwenye muvi zisizopungua sita, sura yake naijua kama naijua ya jirani, mashavu yaliyochongoka, pua kubwa, macho yaliyozama ndani, na sikuwa na jina lake. Nikamwambia mama nitakutafutia. Akaondoka kurudi kwake Tanga na mimi sikumtafutia, lakini lile swali likabaki linanikaa kichwani wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

## Stelingi hafi

Waliokulia kibanda umiza wanajua. Unatoa hela yako, unakaa kwenye benchi umebanana na watu thelathini, jasho, na kabla muvi haijaanza mtu lazima aulize: stelingi ni nani? Ukishaonyeshwa stelingi umetulia, maana stelingi hafi. Wengine wote ni watu wa kupita. Kuna adui, kuna rafiki wa stelingi (huyo anakufa mapema ili stelingi apate hasira), kuna demu wa stelingi, kuna mzee anayetoa ushauri. Hakuna aliyewahi kuuliza jina la yule mzee.

Na mimi nimekua hivyo hivyo. Ukiniuliza stelingi wa ile muvi ya jela nitakujibu haraka, Daniel Day-Lewis, jamaa ana Oscar tatu. Lakini mama hakumwona Daniel Day-Lewis. Hakuwa na mtu wa kumwambia stelingi ni yupi, akaangalia tu watu, akamchagua yeye mwenyewe, na aliyemchagua ni yule mzee.

Hicho ndicho kilichonisumbua. Yaani inawezekana miaka yote hii nimekuwa naangalia muvi vibaya.

## Jina refu

Anaitwa Pete Postlethwaite. Alizaliwa Warrington, kaskazini magharibi mwa Uingereza, tarehe 7 Februari 1946, familia ya Kikatoliki ya watu wa kazi za mikono. Kijana aliwahi kufikiria upadri, akaingia hadi seminari, akaacha. Akasomea ualimu, akafundisha drama kwenye shule ya Kikatoliki Manchester. Baadaye ndo akaenda kusomea uigizaji Bristol. Mawakala walimshauri abadilishe hilo jina maana nani ataliweza, akakataa. Alikuwa anatania kwamba jina lake haliwezi kuandikwa kwa taa nje ya ukumbi, bili ya umeme itawashinda.

Miaka ya 70 akawa Everyman, ukumbi wa maigizo pale Hope Street, Liverpool. Kundi la pale wakati ule ukilitaja leo watu hawaamini: Jonathan Pryce, Bill Nighy, Julie Walters, Antony Sher, na yeye, wote vijana, hakuna anayewajua, hela hakuna. Walikuwa wanapeleka maigizo mpaka baa. Mimi nafikiri hapo ndo siri yake ilipo, maana mtu wa baa hajaja kukuona wewe, kaja kunywa, usipomshika kwa dakika moja anakugeuzia mgongo na kuendelea na stori zake. Ukishaweza kumnyamazisha mlevi wa Liverpool, mama wa Tanga mwenye ungo wa mchele hakushindi.

Kwenye sinema aliingia 1977 kwa kimlango kidogo mno, The Duellists, muvi ya kwanza ya Ridley Scott, anaonekana akimnyoa ndevu jenerali. Kinyozi wa jenerali, hapo ndipo alipoanzia. Alikuwa na miaka 31.

Oscar yake ya kwanza kutajwa, na ndo ya mwisho, ilikuja akiwa na 48.

## Miaka kumi na moja

Kuna kitu nilikigundua nikasimama kabisa. Daniel Day-Lewis amezaliwa 1957. Postlethwaite 1946. Tofauti yao ni miaka kumi na moja. Kumi na moja! Hiyo ni tofauti ya kaka mkubwa na mdogo wake, na wanacheza baba na mwana na hakuna mtu duniani aliyeguna. Nilirudia ile muvi peke yangu kutafuta wameficha wapi, nikadhani ni vipodozi, nikadhani ni nywele.

Ni mwili. Postlethwaite anatembea kama mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiomba radhi kwa kuchukua nafasi. Mabega yameingia ndani kidogo. Anapokaa kitandani pale jela anakaa ukingoni, kama mgeni. Na mtoto wake anamchukia kwa hilo hilo, anaona baba yake mnyonge, na katikati ya muvi inageuka, unagundua mnyonge alikuwa mtoto, yule mzee ndiye hakuvunjika hata siku moja. Hageuzi sauti wala hasimami wima zaidi. Yeye yuko vile vile, macho yetu ndo yamebadilika.

Nijisemee pia jambo moja maana lilinipa shida: kwenye maisha ya kweli Giuseppe na Gerry hawakufungwa selo moja, hilo waandishi walilitengeneza ili wapate mazungumzo. Nilipolijua nikahisi kama nimedanganywa. Siku mbili tatu nilikuwa na hasira kidogo. Halafu nikafikiri, mzee wa kweli alikufa akihesabika mhalifu, hukumu yake ikafutwa 1991 akiwa kaburini miaka kumi na moja, mahakama ilisafisha makaratasi. Aliyemfanya mama yangu aseme mpeni maji ni huyu mwigizaji. Hasira ikapungua, japo haikuisha yote.

## Baba mwingine

Kabla ya Giuseppe alikuwa ameshacheza baba wa aina nyingine kabisa. 1988, Distant Voices, Still Lives, ya Terence Davies, ambaye alikuwa anasimulia familia yake mwenyewe Liverpool. Huyu baba anapiga. Anampiga mke, anawapiga watoto, nyumba nzima inasikiliza hatua zake.

Kuna sehemu ya Krismasi. Usiku anapita chumbani watoto wamelala, anawaangalia kwa upendo ambao unaonekana wazi na unauma, anatundika zawadi zao taratibu asiwaamshe. Kesho yake mezani, chakula kimepangwa, watoto wamekaa kimya, anashika kitambaa cha meza na kuvuta kila kitu chini. Hakuna maelezo. Hatuambiwi kwa nini.

Mwigizaji mwingine angetuchagulia, angetufanya tumchukie tu au angetuomba tumhurumie. Yeye anaviacha vyote viwili pale mezani pamoja na vyombo vilivyovunjika.

Nimekua na wazee wa namna hiyo mtaani, na wengi wetu tumekua nao. Wale ambao ukisikia geti linafunguliwa unazima redio, na ni hao hao wanaokuletea pipi mfukoni siku ya mshahara. Sijawahi kuona muvi yetu yoyote ikimwonyesha huyo mzee mzima mzima. Tunamfanya shetani au tunamfanya anayetubu mwishoni kanisani.

## Tembo

Halafu Hollywood wakamwona. 1995 The Usual Suspects, yeye ndiye Kobayashi, wakili mpole wa mtu asiyeonekana, anatisha bila kupandisha sauti, na mwishoni unagundua jina lake limeandikwa chini ya kikombe cha kahawa. Kila mtu anakumbuka ule mwisho, na sura iliyokaa ndani ya gari ni yake.

1997 Steven Spielberg akampa muvi mbili mwaka mmoja. Moja ni The Lost World, ile ya madinosa, na hapo sisi watoto wa kibanda tulimpenda kwa sababu moja tu: jina. Roland Tembo! Mwindaji mzungu anaitwa Tembo. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Nilimsimulia mama kwa simu akacheka yeye pia, akasema huyo mlevi basi, maana kwetu Tanga mnyama ni ndovu na tembo ni ile inayogemwa kwenye mnazi.

Kuna kipande walikikata kwenye ile muvi. Tembo yuko baa, Mombasa, anamtetea mhudumu wa kike aliyekuwa anasumbuliwa na mtalii, anapigana mkono mmoja umefungwa nyuma. Nimekiona. Ni Mombasa ya kutengenezwa, haina harufu ya Mombasa, lakini nilisikitika kwamba walikitoa, maana bila hicho kipande hatujui huyu mtu katoka wapi.

Hata bila hicho, angalieni anachofanya. Amekuja kisiwani kwa ajili ya kitu kimoja, kumwinda yule dinosa mkubwa wa kiume. Anampata. Na siku anampata ndo amempoteza rafiki yake Ajay. Bosi anampa ofa ya kazi kwenye bustani mpya, anakataa, anasema ametosheka kukaa karibu na kifo, anaondoka. Hafi, haokoi dunia, anaondoka tu kwa miguu yake. Katikati ya kelele zote za madinosa yule ndiye mtu mzima pekee.

Baada ya hapo Spielberg akamwita mwigizaji bora kuliko wote duniani. Postlethwaite alijibu kwamba bila shaka Spielberg alisema "tatizo la Pete ni kwamba anajiona bora kuliko wote duniani." Halafu akarudi kwao, akaishi shamba huko Shropshire na familia yake, mbali kabisa na hiyo Hollywood.

## Makaa ya mawe

Hapa ndipo nilipokwama zaidi.

1996 alicheza Danny kwenye Brassed Off. Kijiji cha wachimba makaa ya mawe Yorkshire, serikali inafunga mgodi, na wachimbaji wana bendi ya matarumbeta iliyokaa miaka na miaka. Hadithi imechukuliwa kwenye bendi ya kweli ya Grimethorpe, walioshinda ubingwa wa taifa pale Royal Albert Hall mwaka 1992, siku chache tu baada ya kuambiwa migodi inafungwa. Danny ndiye kiongozi wa bendi. Mapafu yamejaa vumbi la mgodi, anakufa taratibu, na kwake yeye muziki ndo kila kitu. Mpaka siku wameshinda kombe, anasimama mbele ya watu anasema alidhani muziki ndo wenye maana, kumbe si kitu ukilinganisha na watu. Analikataa kombe.

Mtu aliyelia vile kwa ajili ya mgodi wa makaa. Sasa nikakuta 2009 mtu huyo huyo anacheza The Age of Stupid, filamu ya mabadiliko ya tabianchi, mzee aliyebaki peke yake mwaka 2055 anaangalia video za zamani akijiuliza kwa nini hatukujiokoa. Siku ya uzinduzi London akamwambia usoni waziri Ed Miliband kwamba wakiruhusu kituo kipya cha umeme wa makaa pale Kingsnorth, atarudisha nishani ya OBE aliyopewa 2004. Kituo hakikujengwa.

Nilikaa na hilo siku nyingi. Niliona kama anajipinga. Ulilia makaa yakifungwa, sasa unataka makaa yafungwe?

Nikarudia hotuba ya Danny mara tatu. Hasemi makaa popote. Anasema jamii zetu, nyumba zetu, maisha yetu, anauliza mbona sili au nyangumi wakiwa hatarini mnapiga kelele, hawa watu mbona kimya. Mgodi ulimpa kazi na mgodi huo huo ulimjaza vumbi kifuani, Danny alijua vyote viwili. Kwa hiyo sioni tena kwamba alijipinga, ila pia sidhani kama mchimbaji wa Grimethorpe aliyebaki bila kazi angekubaliana na mimi kirahisi, na ningependa kumsikia.

## Loiyangalani

Huku kwetu alifika. The Constant Gardener, 2005, ile ya kampuni ya dawa inayojaribia dawa kwa maskini wa Nairobi, walipiga Kenya yenyewe, Kibera na kule juu Loiyangalani, kando ya ziwa Turkana. Yeye ni daktari aliyehusika na ile dawa na sasa amejificha kambini Sudan anagawa chakula. Anatokea mwishoni, dakika chache. Rachel Weisz akapata Oscar kwa muvi hiyo na anaistahili. Lakini yule daktari anavyoongea, anatubu na bado anajitetea, kwenye sentensi hiyo hiyo moja, mimi nilimwogopa kuliko wenye bunduki.

## Kumbe alitaka

Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba huyu mzee aliridhika kuwa pembeni. Ilinipendeza hivyo, ilikuwa stori safi.

Halafu nikasoma habari ya Lear. 2008 Liverpool imekuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya, na Postlethwaite akarudi Everyman, ukumbi ule ule mdogo wa ujanani, kucheza King Lear. Mfalme anayegawa ufalme na kubaki uchi kwenye mvua, na hapo huwezi kujificha pembeni, jukwaa zima ni lako. Wahakiki wengi hawakuwa na huruma na ule mchezo, yeye na mwongozaji Rupert Goold wakaufanyia marekebisho kabla ya kuupeleka London 2009. Alikuwa anaelekea miaka 63. Angeweza kukaa nyumbani kwake.

Kwa hiyo alitaka. Alitaka kubeba lote, na alipopewa alilibeba mbele ya watu wake kwanza, akakosolewa, akaendelea. Ile stori yangu ya mzee mnyenyekevu wa pembeni ikafa, na nashukuru, maana naona tunapenda sana kuwaambia watu wa pembeni kwamba wanapapenda pale pembeni.

Baada ya hapo kuna Inception, 2010. Ndani yake kuna Mombasa tena, ile ya kukimbizana vichochoroni (walipiga Tangier, Morocco, wapwani tulijua mara moja). Postlethwaite hayupo kwenye hizo mbio. Yuko kitandani, tajiri anakufa, na muda wake kwenye skrini ni mdogo mno. Lakini ukiangalia vizuri, wizi wote ule, ndoto ndani ya ndoto, milipuko, theluji, unafanyika ili kijana mmoja aelewe upya neno moja alilolisema huyu mzee akiwa anakata roho. Stelingi wote wanamfanyia kazi yeye.

Alifariki tarehe 2 Januari 2011 kwa saratani, miaka 64.

## Matarumbeta

Jumamosi iliyopita nilikwenda Tanga. Nikamsalimia mama, shikamoo, marahaba, na kabla hata ya chai nikamwambia jina nimelipata. Akajaribu. Po-so-ti... akaacha, akasema basi atabaki yule mzee wa maji.

Sikumwambia kwamba amefariki. Nilikuwa nimepanga kumwambia, ila haikutoka.

Usiku nikamwekea Brassed Off, nikamwambia hii ina matarumbeta, kama yale ya harusini. Akakaa karibu na tivii. Kuna sehemu Danny yuko hospitali na bendi inakuja usiku kumpigia chini ya dirisha, wamevaa zile taa za mgodini kichwani, mama akasema wamefanya vizuri hao. Mwishoni wako juu ya basi la wazi usiku wa London, wanapita karibu na bunge, wanapiga, na Danny na mapafu yake mabovu amesimama anawaongoza kwa mkono.

Mama akamsogelea zaidi. Akamwangalia mpaka majina yakaanza kupanda.

"Si yule wa jela?" akasema. "Kumbe walimtoa."